Uainishaji wa Inoceramus: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya yeyote aliyeshika kisukuku cha gamba kubwa lenye mikunjo, akaona limeandikwa Inoceramus, kisha akakuta kitabu kingine kinaliita kwa jina tofauti. Mkanganyiko huo si kosa la msomaji. Kwa zaidi ya karne moja jina hili lilitumika kama kapu la kutupia kila gamba la Kretasia lililofanana na wenzake kwa mbali, na kazi ya kulipunguza kapu hilo inaendelea hadi leo.

Inoceramus ni kiumbe gani?

Inoceramus ni jenasi ya moluska wa baharini wenye magamba mawili, ndugu wa mbali wa chaza na kome, ambayo haina hata spishi moja iliyobaki hai. Jenasi hii pamoja na jamaa zake ilienea katika bahari nyingi za kipindi cha Kretasia, kilichoanza takribani miaka milioni 145 iliyopita na kumalizika miaka milioni 66 iliyopita. Visukuku vyao huchimbuliwa Ulaya, Amerika Kaskazini, Japani, Madagaska, Afrika Kusini, New Zealand na hata Antaktika. Katika majibu haya neno "inoseramidi" linamaanisha mwanafamilia yeyote wa Inoceramidae, na jina Inoceramus limeachiwa jenasi peke yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa karibu kila kitu kinachofuata.

Nani aliipa jenasi hii jina, na jina lina maana gani?

Jina lilitolewa na mwanaasili Mwingereza James Sowerby mwaka 1814. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la uzi na jingine la chombo cha udongo, na hivyo linaeleza kitu kilekile kinachoonekana ukivunja kipande cha gamba: nyuzi zilizosimama wima ndani ya kitu kinachofanana na kigae. Spishi kielelezo, yaani ile inayobeba maana ya jenasi nzima, ni Inoceramus cuvierii, iliyopewa jina kwa heshima ya Georges Cuvier wa Ufaransa.

Inafaa kulikumbuka jambo hili tangu mwanzo. Jina lilizaliwa kutokana na muundo wa gamba, ilhali muundo huo wanao inoseramidi kwa ujumla wao, si jenasi moja tu. Hapo ndipo kapu lilipoanza kujaa.

Inoceramus iko sehemu gani katika mpangilio wa wanyama?

Ngazi za juu hazina ubishi: himaya ya wanyama, faila ya Mollusca, ngeli ya Bivalvia. Ngazi ya familia nayo ni thabiti, kwa kuwa Inoceramidae ilitambuliwa na Giebel mwaka 1852 na hakuna anayeitilia shaka. Ugomvi uko katikati, kwenye oda.

Kwa muda mrefu inoseramidi waliwekwa pamoja na jamaa wa chaza-lulu. Hoja ilikuwa nzuri. Jenasi ya Isognomon, ambayo bado inaishi katika bahari za joto, ina tabaka la nje la kalsiti (madini ya chokaa) lililopangwa kwa vijiti, tabaka la ndani lenye mng'ao wa lulu, na msururu wa vishimo kwenye bawaba ambamo kano inayofungua magamba ilishikizwa. Inoseramidi wana vitu hivyo vyote. Mtu akiweka Isognomon na Inoceramus mezani akatazama bawaba tu, atashawishika kwamba hawa ni ndugu wa karibu.

Mwaka 1998 Paul Johnston na Christopher Collom walilipinga wazo hilo waziwazi. Walipendekeza familia nzima iondolewe katika kundi kubwa la Pteriomorphia, walimo chaza, kome na chaza-lulu, na ihamishiwe Cryptodonta, kundi la moluska wa kale wenye magamba membamba na bawaba isiyo na meno. Pendekezo hilo liliwalazimisha watafiti kuuliza kama vishimo vya kano vilirithiwa kutoka kwa mzazi mmoja au vilijitokeza mara mbili katika koo mbili tofauti. Uainishaji wa jumla wa Bivalvia uliochapishwa mwaka 2011 na Joseph Carter pamoja na wenzake wengi uliwabakiza ndani ya Pteriomorphia, lakini ukawaweka katika oda ya Myalinida, karibu na koo zilizotoweka na mbali kidogo na chaza-lulu.

Kwa maoni yangu msimamo huu wa 2011 ndio unaofaa kufuatwa na mtu anayeandika lebo au orodha, kwa sababu unaeleza kufanana na Isognomon bila kukulazimisha kuamini kwamba kufanana huko ni udugu. Hata hivyo, ukikuta kitabu cha zamani kinawaweka inoseramidi katika Pterioida, oda ya chaza-lulu, usikidhani kimekosea. Kimeandikwa kabla ya mjadala.

Ni alama zipi zinazomtambulisha inoseramidi?

Anza na ukingo uliovunjika. Chukua kipande, kigeuze mpaka mwanga uangukie ubavu wa mvunjiko, kisha tumia lenzi ya mkononi. Utaona vijiti vingi vya kalsiti vyenye pande kadhaa, vimesimama wima kutoka uso wa nje hadi wa ndani, vimebanana kama penseli zilizofungwa kwa kamba moja. Ukitazama kutoka juu, vichwa vya penseli hizo hufanya picha ya sega la nyuki. Tabaka hili ndilo linalodumu. Tabaka la ndani, lenye mng'ao wa lulu, liliundwa kwa aragonaiti, madini yanayoyeyuka mapema ndani ya mashapo, kwa hiyo mara nyingi limekwisha kutoweka kabla gamba halijafika mkononi mwako.

Hatua ya pili ni bawaba. Inoseramidi hawana meno ya bawaba. Badala yake wana ukingo ulionyooka wenye vishimo vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, na idadi ya vishimo huongezeka kadiri mnyama anavyokua. Hii ni sehemu ndogo, dhaifu, na inayopotea kwa urahisi, nayo ndiyo yenye taarifa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Nimeona masanduku mazima ya vielelezo vizuri vya kutazamwa ambavyo haviwezi kupangwa kwa uhakika kwa kuwa aliyevisafisha aliitoboa bawaba akidhani ni mwamba uliong'ang'ania.

Baada ya hapo ndipo unapotazama umbo la jumla: mikunjo inayozunguka kufuata mistari ya ukuaji, ncha ya gamba iliyopinda kuelekea mbele, na upande wa nyuma wa bawaba unaotanuka kuwa bawa. Alama hizi ni za maana, lakini zije za tatu, si za kwanza.

Kwa nini spishi nyingi zilizoitwa Inoceramus leo zina jina jingine la jenasi?

Kwa sababu karne ya 19 ilikuwa na majina machache ya jenasi na machimbo mengi. Mtafiti aliyepata gamba jipya katika chaki ya Ujerumani, tope la Uingereza au mwamba wa Texas alikuwa na sanduku moja tu lililo tayari, akaliweka humo. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ndani ya sanduku hilo mlikuwa na wanyama wembamba kama kome, wanyama bapa kama sinia, wanyama waliojikunja kama konokono upande mmoja, na wengine wenye mikunjo inayotawanyika kama mbavu za feni.

Mwaka 1932 Rudolf Heinz alijaribu kulivunja sanduku hilo kwa mkupuo mmoja, akapendekeza majina mapya kwa wingi. Mengi yalipokelewa kwa shingo upande, kwa vile yalitolewa bila maelezo ya kutosha. Lakini baadhi ya majina hayo, kama Platyceramus, Cladoceramus na Cordiceramus, yalionekana baadaye kuwa na msingi, na yanatumika mpaka sasa. Katika miaka ya 1960 Otto Seitz alichapisha kazi kubwa juu ya inoseramidi wa kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, akipima na kulinganisha vielelezo vingi badala ya kuamua kwa jicho. Leslie Cox akafuata mwaka 1969 kwa kuipanga upya familia nzima katika kitabu kikuu cha rejea cha moluska hawa.

Mifano itaonyesha uzito wa mabadiliko. Spishi iliyoelezwa na Schlotheim mwaka 1813 kwa jina labiatus ilijulikana kwa vizazi kadhaa kama Inoceramus labiatus, na leo ni Mytiloides labiatus. Inoceramus deformis ya Meek sasa ni Cremnoceramus deformis. Inoceramus undulatoplicatus, aliyoieleza Ferdinand Roemer kutoka Texas mwaka 1852, imehamia Cladoceramus, ingawa wengine huihesabu Cladoceramus kuwa jenasi ndogo ndani ya Platyceramus. Hata spishi za kipindi cha Jura zilizowahi kuitwa Inoceramus nyingi zimehamishiwa Retroceramus.

Nitatofautishaje Inoceramus halisi na jenasi hizo nyingine?

Mytiloides ni nyembamba, imelala kwa mshazari, na magamba yake mawili yanakaribia kulingana. Ukiishika inakukumbusha kome kabla ya kukukumbusha chochote kingine. Hujaa katika matabaka ya mwanzo wa ngazi ya Turonia, "ngazi" hapa ikimaanisha kipande kimoja cha muda ndani ya kipindi cha Kretasia.

Cremnoceramus inahitaji utazame historia ya ukuaji wake. Gamba la ujana ni bapa kiasi, lenye mikunjo iliyopangika vizuri, kisha ghafla linapinda kama ukingo wa genge, na sehemu ya utu uzima inashuka karibu wima. Ukipata sehemu ya ujana peke yake, unaweza kuiita kwa jina jingine kabisa bila kujua kwamba umekosea.

Volviceramus haikosewi ikiwa magamba yote mawili yapo: la kushoto limejikunja kwa mzingo, la kulia limelala juu yake kama kifuniko. Platyceramus ni bapa, pana na nyembamba kwa kulinganisha na ukubwa wake. Cladoceramus na Sphenoceramus zina mikunjo inayoachana kuelekea ukingoni, juu ya ile inayozunguka, ingawa mpangilio wake ni tofauti katika kila moja.

Inoceramus kwa maana finyu ndiyo inayobaki karibu na I. cuvierii na I. lamarcki: gamba lililotuna, mikunjo ya kuzunguka, bawa la nyuma linalotengana wazi na mwili wa gamba, pasipo mkunjo mkali wa ghafla na pasipo mbavu zinazoachana. Nakiri kwamba sehemu kubwa ya maelezo haya imesimama juu ya kile ambacho jenasi hii haina, na hilo ni dalili kuwa mipaka yake bado haijakaa sawasawa.

Je, umbo la nje linaweza kudanganya hata ndani ya ukoo mmoja?

Linaweza, na mfano bora uko katika udongo wa mfinyanzi wa Gault huko Folkestone, kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Matabaka yake ni ya ngazi ya Albia, na ndani yake kuna spishi mbili alizozieleza James Parkinson mwaka 1819. Ya kwanza, concentricus, ina gamba laini kiasi lenye mistari ya kuzunguka tu. Ya pili, sulcatus, ina mifereji mirefu na mbavu zinazoshuka kutoka nchani hadi ukingoni. Ukiziweka pamoja bila kujua zilikotoka, hutazipa jenasi moja.

Lakini ukipanda tabaka baada ya tabaka, unakutana na magamba ya kati: ncha ni laini kama concentricus, kisha ukingoni mbavu zinaanza kujitokeza kwa woga. Ndiyo maana spishi zote mbili zinawekwa leo katika Actinoceramus au Birostrina, kutegemea mwandishi, na ndiyo maana pambo la gamba peke yake halitoshi kuigawa jenasi. Kinachounganisha magamba hayo ni namna yalivyoota tangu ncha, na mahali yalipokaa katika mfuatano wa matabaka.

Kuna pia mabadiliko yasiyohusu ukoo hata kidogo. Tope lililobanwa kwa uzito wa miamba hulilaza gamba lililotuna, na gamba lililojeruhiwa likiwa hai huota mkunjo wa ajabu. Kabla ya kutangaza spishi mpya, tafuta magamba mengine kutoka tabaka hilohilo.

Je, ukubwa unasaidia katika uainishaji?

Kidogo sana. Platyceramus platinus, inayopatikana katika chaki ya Niobrara huko Kansas, ilifikia upana wa hadi mita 3, na baadhi ya magamba yake yamekutwa na mabaki ya samaki waliokuwa wamejihifadhi ndani. Huko Nuussuaq, Greenland, lilipatikana mwaka 1952 gamba linalokaribia mita 2, lililopata umaarufu kwa jina la Inoceramus steenstrupi. Leo spishi hiyo inawekwa katika Sphenoceramus. Majitu haya mawili ni ya jenasi mbili tofauti, na kila moja lilianza maisha likiwa dogo kuliko ukucha.

Nina vipande tu. Je, naweza kuvitambua hadi jenasi?

Kwa kawaida hapana. Kipande chenye vijiti vya kalsiti kinakuambia kwamba huenda ni inoseramidi, na hata hapo ujihadhari, kwa sababu moluska wa jenasi ya Pinna nao wana tabaka la vijiti vinavyofanana. Unene wa tabaka na dalili za mikunjo husaidia kuwatenganisha. Mara nyingine gamba limesambaratika kabisa, vijiti vikatawanyika kimoja kimoja ndani ya mwamba, na katika baadhi ya chaki huwa sehemu kubwa ya chembe zinazoonekana kwa lenzi. Vijiti hivyo vina thamani yake: watafiti huvihesabu katika sampuli zilizochimbwa chini ya sakafu ya bahari ili kujua inoseramidi waliishi hapo hadi lini. Havitoi jina la spishi.

Kwa nini watu wanajali sana majina haya?

Kwa sababu miamba ya Kretasia inasomwa kwayo. Inoseramidi walibadilika haraka, walienea mbali, na walitapakaa katika matope ambamo visukuku vingine vya kupimia umri ni adimu. Matokeo yake, mipaka rasmi ya kimataifa ya ngazi za Kretasia inawategemea. Mwanzo wa ngazi ya Koniasia, karibu miaka milioni 90 iliyopita, umewekwa pale anapojitokeza kwa mara ya kwanza Cremnoceramus deformis erectus katika machimbo ya Salzgitter-Salder, Ujerumani. Mwanzo wa ngazi ya Santonia, takribani miaka milioni 86 iliyopita, umewekwa pale inapojitokeza Cladoceramus undulatoplicatus, huko Olazagutía, Uhispania.

Sasa fikiria mtu aliyeandika "Inoceramus" kwenye gamba la Cremnoceramus na kuishia hapo. Ameuondoa mpaka wa ngazi kutoka katika mwamba wake bila kujua.

Mabano yanayozunguka jina la mwandishi au jina la pili yana maana gani?

Jina la mwandishi likiwa ndani ya mabano, kama katika Mytiloides labiatus (Schlotheim, 1813), maana yake ni kwamba spishi ilielezwa mara ya kwanza chini ya jenasi nyingine na imehamishwa. Lisipokuwa ndani ya mabano, kama Inoceramus lamarcki Parkinson, 1819, spishi bado iko katika jenasi ileile iliyoandikwa na mwandishi wa kwanza. Jina la Kilatini lililo katika mabano kati ya jenasi na spishi, kwa mfano Platyceramus (Cladoceramus) undulatoplicatus, ni la jenasi ndogo. Utaratibu huu umewekwa na kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina.

Inoseramidi walitoweka lini?

Wengi wao walikwisha kabla ya janga lililomaliza Kretasia. Walianza kupungua na kutoweka katikati ya ngazi ya Maastrichti, miaka milioni kadhaa kabla ya mwisho wa kipindi. Tenuipteria, jenasi ya magamba madogo, iliendelea hadi karibu na mwisho kabisa. Kwa mwainishaji jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja: gamba linalodaiwa kuwa inoseramidi kutoka miamba iliyo juu ya mpaka wa Kretasia lichunguzwe kwanza kama halikusombwa kutoka tabaka la chini, kisha lichunguzwe kama si Isognomon.

Niandike nini kwenye lebo ikiwa sina uhakika?

Andika kile tu ulichokiona. Kama una vijiti vya kalsiti bila bawaba, "Inoceramidae" inatosha na ni jina la heshima. Kama bawaba, bawa la nyuma na mikunjo vinaafikiana na jenasi lakini spishi haijulikani, andika "Inoceramus sp." Kama kielelezo kinafanana na spishi fulani ila kimeharibika mahali pa kuamulia, tumia "cf." kabla ya jina la spishi. Kwa spishi iliyozoeleka kuitwa Inoceramus ambayo bado haijapatiwa jenasi inayokubalika, watafiti huliweka jina la jenasi ndani ya alama za kunukuu, nawe unaweza kufanya hivyo.

Pamoja na jina, andika tabaka ulilolitoa na kina chake, taja kama ni gamba la kulia au la kushoto, na ueleze kama ulichonacho ni gamba lenyewe au ni tope lililogandia ndani yake na kubeba sura yake. Jina la zamani lililokuwepo kwenye lebo usilifute. Liache chini ya jina jipya pamoja na mwaka ulipolibadilisha. Na ikiwa wakati wa kusafisha kimebanduka kipande chembamba chenye vishimo vilivyopangwa mstari, kiweke katika kijaluba chake, ukiandike namba ileile ya kielelezo, kwa kuwa hiyo ndiyo bawaba.